Mrija wa Mzee Kasmiri

Matrida alimwombea Chrispin aache pombe tangu uchumba wao ukiwa mchanga, na Mungu akamsikia. Alichosahau kuomba ni kwamba huyo Chrispin akishaacha, abaki mtu wa kukaa naye.

Jumamosi ile alikuwa amemsimamisha mbele ya kioo, kwenye kibaraza chake cha kushonea pale Nyasho, mjini Musoma, anamjaribisha shati la kuvaa kesho yake huko kwao Butiama. Lilikuwa shati jeupe lenye mistari myembamba ya bluu. Kwa ajili ya shati hilo nguo za wateja zilikuwa zimelala kwenye kapu wiki nzima, na wateja wakamnunia, naye hakujali. Kesho Chrispin angepelekwa mbele ya baba yake, na Matrida alitaka aingie pale amependeza mpaka wajomba wakose la kusema.

"Inua mkono," alimwambia.

Chrispin akainua.

"Na huo mwingine."

"Nimeinua huu, unataka nini tena?"

"Nataka nione kwapani. Kola inakubana?"

"Sijui."

"Hujui kama shingo yako inabanwa?"

"Matrida, nimesema sijui!"

Sauti ile ilimfanya mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la dagaa kichwani ageuke kutazama. Chrispin akaishika kola kwa mikono miwili, akaivuta, kifungo kikaruka kikagonga kioo na kupotelea chini ya cherehani. Kisha akakaa kwenye benchi, akainamisha kichwa. Mikono yake mikubwa, mikono ya fundi wa mitumbwi, ikalala juu ya magoti haina kazi.

Matrida alimtazama, na moyo ukamwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia: huyu siye. Chrispin aliyempenda, akishapata kikombe chake cha gongo, alikuwa mtu wa kumchekesha hata mfiwa. Angeingia kibarazani akiimba, amshike kiuno mbele ya wateja, amwite waziri wangu wa mavazi. Ni kweli, baadaye angesahau miadi, angelala kwenye mtaro, na asubuhi angekuja na macho mekundu na msamaha ule ule wa kila siku. Lakini zile saa za mwanzo zilikuwa tamu, na tukitaka kusema kweli tupu, Matrida alizipenda.

Chrispin aliacha mwenyewe, bila kushikiwa fimbo. Kulikuwa na mtumbwi aliowachongea watu wa upande wa Bunda. Siku ya kuziba mianya ya mbao alikuwa amelewa, akaruka sehemu moja pasipo kuijaza pamba. Mtumbwi ule ukajaa maji wenyewe wakiwa katikati ya ziwa, na kama wavuvi wengine wasingekuwa wakivuta nyavu zao karibu, leo tungekuwa tunazungumza habari za matanga. Hakufa mtu. Walipomletea Chrispin habari hizo, alitoka nje na chupa yake, akaimwaga mchangani mbele yao. Masika yalikuwa yanakatika. Tangu siku ile hakugusa tena.

Watu walimsifu, sifa zikaisha, na kilichofuata hakuna aliyekuwa amewaambia. Usingizi ulimkimbia. Akawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo, na akishamaliza kufoka anakaa akitazama ukuta nusu siku. Chakula hakina ladha, utani hauna maana. Matrida alikwenda zahanati kumuuliza Sista Hilda, mwanamke mfupi asiyependa maneno ya kuzunguka.

"Mwili umezoea kuletewa furaha kwenye kikombe," Sista alimwambia. "Sasa kikombe hakiji. Kujitengenezea wenyewe umesahau, mpaka ujifunze upya. Kwa hiyo hasira zitakuja, na huzuni itakuja. Siyo roho mbaya, ni kupona huko."

"Kutaisha lini, Sista?"

"Sikudanganyi, sijui. Inapita. Ale, atembee, alale akiweza, asikae peke yake, na hasira ikimpanda aseme kabla haijafika mdomoni. Siku akikuambia haoni sababu ya kuishi, usimwache hata kidogo, mlete hapa. Na wewe, Matrida, usijigeuze gunia la kupigwa ngumi."

Aliyasikia yote, akaitikia yote. Lakini kusikia maneno zahanati ni kitu kimoja, na kuokota kifungo chini ya cherehani yako mwenyewe huku mwanamume unayempenda anatazama sakafu ni kitu kingine. Alikitafuta kifungo kwa viganja, akapiga kichwa kwenye meza, na machozi yakamtoka.

"Nimechoka, Chrispin."

"Hata mimi nimechoka."

"Wewe umechoka na nini? Mimi ndiye ninayefokewa. Mimi ndiye ninayepika chakula unakiangalia kama umewekewa matope. Kesho unakwenda kwa baba yangu, hujaniuliza hata kwetu salamu ni ipi. Unanipenda kweli wewe?"

Chrispin hakujibu upesi. Kule kuchelewa ndiko kulikomuua.

"Bora ungekuwa unakunywaga tu," Matrida alisema.

Likatoka, likaisha, na hakuna mkono wa kulirudisha. Chrispin aliinua uso. Hakukuwa na hasira hata chembe machoni mwake, na Matrida angetoa chochote aione ile hasira wakati ule.

"Nilikuwaga najiuliza ni lini utasema," alisema taratibu.

"Sikumaanisha."

"Umemaanisha. Siyo wewe peke yako. Kule mwaloni, kwenye mitumbwi, wenzangu wananiambiaga hivyo hivyo, ila wao wanacheka." Alivua shati, akalikunja vizuri kuliko anavyokunja mwanamume yeyote, akaliweka juu ya benchi. "Kesho nitakuja. Baba mdogo Boniphace ameshajiandaa."

"Chrispin!"

Aliondoka kifua wazi, koti begani, akishuka njia ya kuelekea ziwani. Matrida alimtazama mpaka alipokata kona, kisha akakaa kwenye cherehani na kukishona kile kifungo huku haoni vizuri sindano.

Na bado kulikuwa na jambo jingine linamla. Kwao, pombe ya mtama si ulevi, ni salamu. Mzee Kasmiri, baba yake, alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: mchumba akija, mtungi unawekwa katikati, wazee wanashika mirija yao mirefu. Kisha mwenye nyumba anautoa mrija wake mwenyewe, anampa binti, binti anapiga goti na kumpelekea mwanamume aliyekuja kuomba. Akinywa, amekuwa mtu wa pale, na mazungumzo ya ng'ombe yanaanza. Akikataa, ameiambia nyumba nzima kwamba anaogopa kuwekewa sumu. Mume wa Adventina, dada mkubwa, alikunywa. Mume wa Susana alikunywa mpaka akaomba kuongezewa. Kukataa hakukuwahi kutokea.

Tarehe ya kwanza ilipopangwa, Matrida alimpigia mama yake simu akamwambia, "Mwambie baba, Chrispin asipewe pombe, yuko kwenye dozi." Alijiona mjanja. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: amalize dozi kwanza, ndipo aje. Safari ikaahirishwa. Sasa dozi ile isiyokuwepo ilikuwa imekwisha, na mtungi ulikuwa umeshachachuka unamngoja mwenyewe.

Kwa nini hakusema ukweli? Kwa sababu Mzee Kasmiri alimpenda mtu anayekunywa na kumdharau mlevi. Kusema Chrispin ameacha, ni kusema kwanza alikuwa nani.

*

Jumapili, baada ya misa, wageni waliingia uani kwa Mzee Kasmiri. Boniphace, baba mdogo wa Chrispin na mshenga wake, alikuwa katekista wa huko Nyegina, mtu wa maneno laini aliyejua kuinama mahali pa kuinama. Chrispin alivaa shati la mistari ya bluu. Matrida alikuwa amelipeleka asubuhi mpaka mlangoni kwake, wakapeana kama watu wanaopeana risiti, hakuna aliyesema habari za jana.

Jikoni, mama yake alichungulia dirishani.

"Mbona mwenzio ana uso wa mtu aliyetoka kuzika?" Mama Euphrasia aliuliza.

"Amechoka, mama. Kazi nyingi."

"Halali?"

"Analala kidogo."

"Ngoja apate kidogo pale kwenye mtungi. Atachangamka."

Matrida aliinama juu ya sufuria asionekane uso. Mama yake alisema kwa upendo lile lile alilolisema yeye kwa uchovu, na kwa kweli jambo hilo halikuonekana baya hata kidogo. Funda moja tu. Nani amewahi kufa kwa funda moja? Chrispin angecheka, angewasalimia wajomba kwa majina ya utani, baba angempenda hapo hapo. Kesho wangeendelea kuacha. Wazo hilo lilimjia likiwa limevaa vizuri, halina hata doa.

"Matrida!" Sauti ya baba yake iliita. "Njoo."

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka mtungi. Mzee Kasmiri, mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka shingoni, alikaa kwenye kiti cha kona. Karibu yake alikaa Mjomba Benjamini, ambaye alikuwa na mdomo uliowahi kuvunja ndoa mbili na kujisifia zote. Chrispin alikaa upande wa mlango pamoja na Boniphace. Povu la pombe lilikuwa linaumuka polepole, na harufu yake tamu yenye uchachu ilikuwa imejaa chumba.

"Nasikia dozi imekwisha," alisema Mzee Kasmiri.

Boniphace akamtazama Chrispin. Chrispin akamtazama Matrida. Ndipo Matrida alipokumbuka kwamba hata hilo la dozi hakuwaambia wao.

"Dozi gani, mzee?" Chrispin aliuliza.

"Si ulikuwa mgonjwa wewe?"

"Amepona, baba," Matrida alidakia upesi. "Amepona kabisa."

"Vizuri." Mzee akavuta mrija wake kutoka mtungini, akaupangusa kwa kiganja, akaunyoosha mbele. "Mwanangu, mpelekee mgeni."

Matrida alipiga goti, akaupokea mrija kwa mikono miwili. Mwanzi ule ulikuwa wa siku nyingi, umekuwa wa kahawia na laini kwa kushikwa. Akasimama, akageuka.

Kutoka kiti cha baba yake mpaka kwa Chrispin hapakuwa mbali. Alipokuwa katikati alimtazama Chrispin usoni, na akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu masika yakatike. Macho yalikuwa yameamka. Uso wote ulikuwa umeamka, midomo imefunguka kidogo, shingo imesogea mbele. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimtazama yeye zamani. Ila sasa hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mrija.

Wivu ulimchoma, wivu wa kijinga wa kukionea kijiti. Na chini ya wivu lilikuwepo lile wazo la jikoni, bado limevaa vizuri: mpe tu. Mpe, na jioni hii utampata mtu wako anaimba. Aliwaza sauti yake. Aliwaza mkono wake kiunoni. Halafu akaona vidole vya Chrispin vimeshika ukingo wa kiti mpaka vimepauka, na shati jeupe limelowa kifuani, akaelewa kwamba huyu mtu alikuwa anapigana pale alipokaa, peke yake, mbele ya watu wote, na silaha ya adui alikuwa ameishika yeye Matrida.

Akageuka nyuma. Akarudi kwa baba yake, akapiga goti tena, akaurudisha mrija.

"Baba, nisamehe. Huu siwezi kumpelekea."

Mzee Kasmiri aliutazama mrija, kisha akamtazama binti yake.

"Unasemaje?"

"Nimesema siwezi, baba."

Mjomba Benjamini akacheka cheko la pembeni. "Ahaa. Wameshazungumza huko Musoma. Anaogopa sumu yetu huyu. Mura, wewe kijana, nyumba hii umeionaje? Sisi ni wachawi?"

"Hapana, mjomba," Boniphace aliwahi. "Hakuna maneno kama hayo, tafadhali..."

"Sijakuuliza wewe, katekista. Namuuliza huyu mwenye uso kama mlango wa choo. Tangu ameingia hajacheka. Kanuna. Unakuja kuomba mke kwa watu umenuna? Amekulazimisha nani?"

"Niache," Chrispin alisema chini chini.

"Nini?"

"Nimesema uniache!"

Alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake kwa kishindo, na Mama Euphrasia akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Kijana kumpigia kelele mjomba wa binti, ndani ya nyumba ya binti, siku ya kwanza! Boniphace alifunika uso. Matrida alisubiri lile ambalo lingefuata, mlango kubamizwa, safari kuisha, na baba yake kusema maneno ambayo hayatafutika.

Chrispin alisimama hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akaokota kiti. Akakiweka sawa, lakini hakukikalia. Akakaa chini, sakafuni, miguu ameikunja.

"Mjomba, nisamehe," alisema. "Hasira hii si yako. Naamka nayo. Mzee, nisamehe na wewe. Mimi sijaogopa sumu."

"Umeogopa nini?" Mzee Kasmiri aliuliza.

"Mimi nilikuwa mlevi, mzee. Siyo mnywaji, mlevi. Nimewatengenezea watu mtumbwi nikiwa nimelewa, ukataka kuwaua. Nimeacha. Tangu nimeacha sina raha, silali, nafokea watu. Nimemfokea huyu mwanao mpaka amechoka, na jana ameniambia. Sijui dozi imetoka wapi, ila najua ametaka kunifichia aibu."

"Kwa hiyo hunywi."

"Sinywi." Chrispin alimeza mate, na kila mtu alimwona akimeza. "Lakini nisikudanganye. Hapa nilipokaa, huo mtungi naupenda. Saa hii hii, mzee, nautamani kuliko ninavyomtamani binti yako."

"Yesu!" Mama Euphrasia alisema mlangoni.

"Nautamani," Chrispin alirudia. "Lakini nimekuja kumuomba yeye. Sikuja kuomba mtungi."

Matrida alihisi maneno ya kwanza yakimpiga na ya pili yakimwinua, na hakujua alie kwa yapi. Hakuna msichana aliyewahi kuposwa hivyo hapo Butiama, wala huko Musoma, wala Bunda. Wengine huambiwa ni mwezi na nyota. Yeye aliambiwa mbele ya mjomba wake kwamba amezidiwa na mtungi, na bado ndiye aliyechaguliwa.

Mzee Kasmiri aliuzungusha mrija mkononi kwa muda mrefu.

"Matrida."

"Abee, baba."

"Umenidanganya dozi."

"Nimekudanganya, baba."

"Umeniona mimi ni mtu wa kutoambiwa?"

Hilo lilimuuma kuliko kofi. "Hapana, baba. Niliona haya."

"Umesikia alichosema huyu?"

"Nimesikia."

"Na bado?"

Matrida alitazama sakafu, akamtazama Chrispin aliyekaa pale chini na shati lake lililolowa, hana wimbo, hana utani, hana chochote cha kumfurahisha mtu.

"Na bado, baba."

"Tokeni nje," Mzee Kasmiri alisema. "Nyie wawili. Tuacheni watu wazima."

*

Walikaa nyuma ya nyumba karibu na zizi, juu ya gogo. Ng'ombe walikuwa hawajarudi kutoka malishoni. Ndani sauti zilisikika zikipanda na kushuka, ya Benjamini juu kuliko zote, na ya Boniphace ikimwomba ashushe.

"Ile uliyosema ndani," Matrida alianza.

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Imeniuma."

"Najua."

"Na niliyoisema mimi jana?"

Chrispin alifikicha macho. "Iliniuma. Nilifika mwaloni nikapita mbele ya pale wanapouza, nikasimama. Nikajiambia, hata Matrida ameruhusu."

Matrida alishika mdomo. "Ukafanyaje?"

"Nikamwendea baba mdogo nikamwambia nimezidiwa, anipe kazi. Akanipa jembe. Nimelima shamba la watu wa kanisa mpaka giza limeingia, tena vibaya, atarudia mwenyewe."

Matrida alitaka kucheka, ikatoka kwikwi. "Nilimkumbuka yule wa zamani, Chrispin. Ndiyo maana nikasema. Yule aliyekuwa ananiimbia."

"Hata mimi namkumbukaga. Alikuwa mtu mzuri kukaa naye." Akakwangua gogo kwa ukucha. "Lakini akirudi, atakuja na chupa yake."

"Basi asirudi."

"Na mimi je? Kama ndiyo nimebaki hivi? Nikikuangalia najua nakupenda, najua kabisa, lakini hapa," akajigusa kifuani, "hapasemi kitu. Pako kimya tu. Unajua inavyotisha?"

Matrida alimsogelea. Aliuchukua mkono wake mzito akauweka mapajani mwake.

"Sista alisema kunapita," alisema baadaye. "Mimi nitakaa mpaka kupite. Lakini sikiliza. Ukinifokea tena sitanyamaza, na sitasema lile neno. Nitainuka, nitakwenda kwa Adventina, nitarudi ukishatulia. Mimi si gunia."

"Si gunia," Chrispin alikubali.

"Na ikikuzidi, useme. Usinifiche kama nilivyomficha baba."

"Imenizidi sasa hivi."

"Basi tukae."

Wakakaa. Upepo ulileta vumbi la njia, mbuzi mmoja akaja akanusa kiatu cha Chrispin, naye Chrispin akakasirika, akataka kumpiga teke, akajizuia. Matrida aliyaona yote.

Mzee Kasmiri alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa peke yake. Hakuja karibu. Alisimama kwenye kona ya zizi, akashika mti wa uzio kama anapima uimara wake, na walipotaka kusimama aliwaashiria wakae.

"Shemeji yangu Benjamini anasema nikufukuze," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimepokea wakwe wawili. Wote walikunywa, wakacheka, tukaimba. Mmoja wao leo hii anampiga mwanangu." Alisema hivyo akitazama mbali, na Matrida akajua anamsema mume wa Susana, jambo ambalo nyumbani kwao lilikuwa halitajwi. "Mtu wa namna yako sijawahi kumpokea. Sijui anapokelewaje. Hatuna desturi yake."

Mzee akautikisa ule mti wa uzio.

"Ng'ombe hatuzungumzi leo. Utakuja tena tukishavuna. Ukija umelewa, hutapita pale langoni, na mwanangu utamsahau. Ukija hivi hivi, na uso wako huo wa msiba, utakaa."

Chrispin alisimama. Matrida aliogopa kwamba hasira inarudi, lakini haikuwa hasira.

"Mzee, inaweza kuwa mpaka wakati huo sina uso mwingine."

Mzee Kasmiri alimtazama kwa muda, mtu mmoja mkavu akimtazama mwingine, kisha akaanza kurudi ndani alikokuwa akiitwa na shemeji yake.

"Nimesema utakaa," alisema bila kugeuka.